Gari la Babu, Umri wa Mjukuu

Tuseme kijana ana miaka 22 na leseni yenye miezi minane. Uani kwao Moshi imesimama Peugeot 404 ya mwaka 1967 aliyoiacha babu. Amenunua betri mpya, fundi amesafisha kabureta, na jioni moja injini imekubali kuwaka. Majirani wametoka kutazama. Kesho yake asubuhi kijana anachukua bahasha ya kaki yenye kadi ya gari na kwenda kwa wakala wa bima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Gari la mwaka gani?"

"Sitini na saba."

Kalamu inasimama. "Na wewe je, wa mwaka gani?"

Kwa maswali hayo mawili mama ameshamaliza hesabu yake kichwani. Gari limezeeka mno, dereva ni mchanga mno. Kila moja peke yake lingevumilika. Yakija pamoja, wakala hujikuna kichwa na kusema atawasiliana na makao makuu.

Kuhusu umri wa dereva, kijana hana haki ya kununa. Shirika la Afya Duniani linataja ajali za barabarani kuwa chanzo kikuu cha vifo vya watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Kampuni ya bima haimjui kijana huyu, haijui kama anaendesha kwa adabu au kwa sifa. Inachokijua ni kundi lake. Ndiyo maana mikataba mingi ya bima ya magari humwekea dereva wa chini ya miaka 25, au mwenye leseni changa, sharti la kubeba mwenyewe sehemu kubwa zaidi ya hasara kabla kampuni haijaanza kulipa. Adhabu hiyo ya kosa ambalo hajalifanya inauma, lakini itapungua yenyewe kadiri miaka inavyokwenda bila ajali.

Kuhusu umri wa gari, hapo ndipo kuna mjadala.

Daftari la bima limezoea magari yanayoshuka thamani. Gari la juzi bei yake inajulikana kwenye kila yadi ya Dar es Salaam, na kila mwaka linapunguzwa kidogo. Ukiipitisha 404 kwenye hesabu hiyo, inatoka upande wa pili ikiwa chuma chakavu. Mwenye gari anaona kingine kabisa. Anafungua boneti na kuiona injini iliyolazwa ubavu kwa nyuzi 45 ili boneti iwe fupi kwa kimo. Anaingia ndani na kuikuta gia kwenye shina la usukani, si sakafuni. Nyuma kuna yale mapezi mawili yaliyochorwa na Pininfarina wa Italia.

Tena gari hili lina historia katika ardhi hii hii. Mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda mashindano ya East African Safari kwa Peugeot 404, akiwa na Chris Rothwell pembeni yake. Kabla na baada yao, mwaka 1963 na 1968, Nick Nowicki alishinda kwa 404 pia, na katika kila mojawapo ya miaka hiyo miwili ni magari 7 tu yaliyofika mwisho, mengine yote yalimezwa na matope na kuharibika njiani. Ushindi mara nne ndani ya miaka sita. Wazee waliokuwa watoto wakati huo walijipanga kando ya barabara kuyangoja magari yapite, na waliopata uwezo baadaye walinunua lile lile waliloliona likishinda.

Kwenye fomu ya bima, historia yote hiyo inapaswa kuingia katika kisanduku kimoja chembamba: thamani ya gari. Kijana anaandika nini? Bei ya mnunuzi wa vyuma chakavu? Fedha zilizoishia kwa fundi? Au thamani ya gari lililombeba mama yake kwenda kufunga ndoa? Hiyo ya mwisho hakuna kampuni inayoilipa, na ni vizuri kijana akajua mapema.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kwa kiwango kilichozoeleka Tanzania cha asilimia 3.5, bima kubwa ya gari la Sh milioni 20 ni Sh 700,000, na ikiongezwa VAT ya asilimia 18 inakuwa Sh 826,000. Akiona nyingi, akaandika milioni 10, atalipa nusu. Lakini siku gari likipata hasara ya milioni 4, mkataba wenye kifungu cha uwiano utamlipa milioni 2, kwa sababu alikatia bima nusu ya gari. Akijitapa na kuandika milioni 40, atalipa ada maradufu, na gari likiteketea kampuni itatazama thamani halisi ya siku ile, si majivuno ya kwenye fomu.

Wenzetu waliopitia tatizo hili walilitafutia njia. Mwaka 1984, huko Traverse City katika jimbo la Michigan, Marekani, Frank na Louise Hagerty walianzisha biashara ya bima kwa ajili ya boti za kale za mbao, baada ya wao wenyewe kuhangaika kupata bima ya boti zao. Baadaye wakaingia kwenye magari. Mtoto wao McKeel, aliyekuja kuiongoza kampuni hiyo, alikuwa kijana wa shule aliponunua Porsche 911 ya mwaka 1967 kwa dola 500 na kuifufua akishirikiana na baba yake.

Msingi wa bima ya aina hiyo, inayouzwa sana Marekani na Uingereza, ni thamani ya makubaliano. Mwenye gari na kampuni hukubaliana kiasi tangu mwanzo, kwa ripoti ya mthamini na picha. Gari likipotea kabisa, kinacholipwa ni kile kile kilichoandikwa. Masharti yake huwa makali: gari lilale kwenye banda lenye kufuli, lisitembee zaidi ya umbali uliopangwa kwa mwaka, na mwenyewe awe na gari jingine la shughuli za kila siku. Kampuni nyingi bado huwakataa walio chini ya miaka 21 au 25. Hata hivyo, kijana anayepenya huweza kukuta ada yake ni ndogo kuliko ya rafiki yake mwenye gari jipya, kwa sababu anayelala na ufunguo wa banda mfukoni hakimbizi gari usiku wa manane.

Kijana wa Moshi anaweza kuyaiga masharti hayo hata kabla kampuni haijamwomba. Apige picha gari lote, mpaka namba ya chesisi. Atunze risiti za fundi. Amwite mthamini anayetambuliwa na kampuni za bima, kisha aombe thamani hiyo iandikwe ndani ya mkataba. Wakala akigoma kabisa, ipo bima ya kati, inayolipa wengine na kufidia gari likiungua au kuibwa.

Njia moja aikwepe, nayo ndiyo wengi watakayomshauri. Mjomba atajitolea: "Kata kwa jina langu, mimi nina miaka hamsini, wewe endesha tu." Ada itashuka kweli. Lakini mkataba wa bima unasimama juu ya ukweli unaosemwa siku ya kwanza, na kampuni ikigundua kwamba dereva wa kila siku alifichwa, ina sababu ya kukataa kulipa. Hapo kijana atakuwa amepoteza gari la babu na jina la mjomba kwa siku moja.

Turudi ofisini kwa wakala. Mama ameshaeleza yote haya na sasa anafungua bahasha ya kaki. Anaisoma kadi, anaigeuza, anaisoma tena.

"Huyu ni nani, mwanangu?"

"Babu. Alifariki mwaka juzi."

Mama anairudisha kadi taratibu. Kabla ya thamani, kabla ya umri, lazima gari liwe na mwenye haki ya kulikatia bima. Familia itabidi ikae kikao, msimamizi wa mirathi athibitishwe mahakamani, ndipo umiliki ubadilishwe TRA. Ndugu wakiwa wanaelewana, ni kazi ya miezi kadhaa. Wasipoelewana, magurudumu yatazama ardhini pale pale uani.

Basi wazee mnaomiliki 404, 504, Land Rover na Volkswagen za zamani, mkiwa mmeshajua ni mjukuu gani anayelizunguka gari kila likizo na kuuliza kila nati ina kazi gani, mwiteni. Sainini naye mkataba wa kuhamisha umiliki, mwende TRA pamoja mngali mna nguvu za kupanda ngazi, na yeye aanze kuitafuta bima akiwa na kadi yenye jina lake.