Mawe ya Engaruka

Mpwa wangu yuko kidato cha pili. Mwulize habari za Parthenon, lile hekalu la Athens, atakueleza kwamba ni la mungu wa kike Athena na kwamba nguzo zake ni za marumaru. Jumamosi iliyopita nilimchukua, tukateremka kutoka Karatu mpaka Mto wa Mbu, tukakunja kushoto na kufuata vumbi hadi Engaruka Juu, kwenye magofu yaliyo chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Akaangaza huku na huko. "Mjomba, mbona ni mawe tu?"

Hiyo "tu" imenikaa kooni wiki nzima.

Nilimwonyesha mfereji wa zamani. Kingo zake zimepangwa mawe makavu, bila hata tope la kushikizia, dogo likiziba pengo la kubwa. Nikamwambia apige magoti autazame kwa urefu wake. Aliinama mpaka shavu likakaribia ardhi. Mfereji ulikuwa ukishuka, lakini kidogo mno, ukizunguka na mteremko badala ya kuporomoka nao. Akakaa kimya. Kisha: "Walipimaje?"

Kuanzia karne ya 15 hivi mpaka ya 18, watu waliishi hapo wakimwagilia mashamba ya takriban hekta 2,000. Walilima mtama, wakafuga ng'ombe. Engaruka ni kukavu. Mvua peke yake haimlishi mtu. Maji waliyatoa kwenye vijito vinavyoshuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro, yaani huku huku kwetu. Nyumba zao walizipandisha mteremkoni, kila moja juu ya kitako chake cha mawe, na mimi naamini walifanya hivyo kwa kulionea uchungu shamba.

Najua kuna atakayesema: hao si watu wetu, na hekalu hawakuacha. Haya. Watafiti wamewataja Wasonjo kuwa wazao wao, wametutaja na sisi Wairaqw, na mjadala haujafungwa. Lakini mbona mtoto wa Karatu hakuulizwa ukoo wake kabla ya kufundishwa kuwastahi Wagiriki? Parthenon lenyewe lililipuka mwaka 1687, lilipopigwa mizinga likiwa ghala la baruti, na dunia bado inalililia. Engaruka haikulipuliwa na mtu. Inadhaniwa maji yalipungua, watu wakahama. Kwa hiyo tusiwastahi kwa sababu waliondoka kimya kimya? Mimi nakataa. Kuyaongoza maji katika nchi kame ni kazi kubwa kama kusimamisha nguzo, na mtoto wetu aione kwa macho yake kabla hajamaliza shule. Mabasi yanayowapeleka wanafunzi kuona simba katika kreta ya Ngorongoro yashuke na Engaruka.

Nyuma ya nyumba ya dada yangu kuna korongo. Kila masika linameza tuta moja la mahindi, nasi tumezoea kulitupia matawi na kumwachia Mungu. Jumapili asubuhi, kabla ya kanisa, nilimkuta yule kijana ukingoni mwa korongo hilo na suruali yake safi, magoti chini, shavu karibu na udongo, akitazama kwa jicho moja maji yatakapopita.