Je, Huruma Yaweza Kufunzwa kwa Chombo?

Wengi hudhani kwamba mzazi humdhulumu mtoto kwa kuwa hampendi. Sivyo. Mara nyingi humdhulumu hali akimpenda, kwa sababu amesahau namna mtu mzima anavyoonekana na aliye chini yake.

Juu ya jambo hili iko khabari ya Uhispania ifaayo kuzingatiwa. Mwaka 2018 wataalamu, miongoni mwao Mel Slater wa Barcelona, walieleza jinsi walivyowavisha kina mama 20 miwani ya uhalisia pepe, yaani chombo kifunikacho macho na kumwonyesha mtu ulimwengu uliochorwa na kompyuta. Kila mama alipojitazama aliuona mwili wa mtoto wa miaka 4. Akiinua mkono, mkono mdogo ndio uliopanda. Kisha akatokea mbele yake mama wa picha, aliyemkabili kwa upole au kwa ukali. Nao hawakuwa watesaji wa watoto. Walikuwa mama wa kawaida, kama walio majumbani mwetu.

Mtu atasema: ya nini yote haya, na kila mzazi alikuwa mtoto? Ni kweli alikuwa, lakini kumbukumbu zetu hazina insafu. Aliyepigwa utotoni husema, "Nami nilipigwa, nikawa mtu," wala hataji alivyokuwa akitetemeka kwa kusikia tu nyayo za babake mlangoni. Miwani humrudisha pale pale. Tena mwaka 2013 huko huko Barcelona ilionekana kwamba mtu mzima akivishwa mwili wa mtoto kwa njia hii, huviona vitu kuwa vikubwa kuliko vilivyo. Basi na mkono ulioinuliwa kupiga waonekanaje?

Hatukidharau chombo hiki. Ila kuijua khofu ya mtu siko kumhurumia: mwenye kutesa kwa kusudi aijua sana, na ndiyo silaha yake. Kwa hiyo twaona miwani yamfaa aliyesahau, naye awe na mshauri wa kukaa naye baadaye, amfunze la kufanya hasira ipandapo. Kumvisha na kumwacha aende zake hakutoshi.

Na yule mama, hata mbele ya ukali, alijua kwamba baada ya dakika chache ataivua miwani arejee kwake. Mtoto yuko kwake tayari, na usiku atalala nyumba ile ile.