"Sikuona" nako ni ushahidi

Allah (S.W.T.) ameapa kwa maanguko ya nyota katika Suratul Waaqi'ah, na akatujulisha kuwa hicho ni kiapo kikubwa. Wanafunzi wangu hapa Pemba huniuliza, kuna elimu gani katika nyota kuzimika?

Nawajibu kwa kisa cha jiwe la angani liitwalo Arrokoth, lililo nje ya sayari zote, kiasi cha kilomita bilioni 6 na nusu kutoka kwetu. Darubini kubwa zililiona kama kinukta tu. Umbo lake litajulikanaje? Wataalamu walingoja lipite mbele ya nyota. Hapo kivuli chake hukimbia juu ya ardhi, na aliyesimama katika njia hiyo huona nyota ikizimika kidogo kisha ikawaka. Muda huo ukizidishwa kwa mwendo wa kivuli, unapata urefu wa jiwe katika mstari mmoja. Aliye kilomita chache pembeni hupata mstari wake. Mistari ikipangwa pamoja, umbo hujitokeza.

Tarehe 3 Juni 2017 walijipanga Afrika Kusini na Argentina. Hakuna hata mmoja aliyeona nyota ikizimika! Walirudi Argentina Julai 17 na darubini 24. Tano tu ndizo zilizoona. Je, zile 19 zilikwenda bure? Laa hasha! Waliokuwa jirani na wale watano, waliposema haikuzimika, ndio waliouweka mpaka: jiwe halifiki hapa. Mmoja wao angeona haya akadai naye kaona, umbo lingechorwa la uongo. Mwaka 2018 wakaenda Senegal, kwa Waislamu wenzetu, wakapima tena. Januari 1, 2019 chombo New Horizons kikapita karibu na kupiga picha: mapande mawili yaliyoshikana, kama mistari ilivyoashiria.

Sasa tujitazame. Kila Shaabani ikimalizika vijana hujaa ufukweni kutafuta mwezi, na neno "sikuona" huwa zito mdomoni, utadhani ni udhaifu wa imani. Sisemi kauli ya asiyeona inafuta ya muadilifu aliyeona. Hilo lina hukumu zake kwa wanazuoni. Nasema asiyeona naye aseme kweli: alisimama wapi, saa ngapi, kulikuwa na wingu au hapana.

Wanafunzi wa darsa langu nimewaagiza waje na daftari lenye safu mbili, ya walioona na ya wasioona, na waanze kuandika kwa ile ya pili.