Picha ya Kipaimara na Mikono ya Mchuma Chai

Kipaimara, yaani sakramenti ambayo kwayo askofu humpaka muumini mafuta ya krisma kwenye paji la uso, huacha rohoni, kwa mafundisho ya Kanisa Katoliki, alama isiyofutika wala kuonekana kwa macho. Ndiyo maana ni haki kuuliza picha inayopigwa siku hiyo hushuhudia nini hasa. Wamisionari wa Consolata, shirika lililoasisiwa Turin na Giuseppe Allamano mwaka 1901 na kufika Kenya mwaka uliofuata, walipiga picha nyingi za waumini ili zitazamwe na wafadhili wa Italia, na waliopigwa mara nyingi hawakutajwa majina. Leo, miongoni mwa wachuma chai wa Meru na Embu nchini humo, familia yenyewe ndiyo humwita mpiga picha: mama husimama kando ya mwanawe aliyevaa shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi, na vidole vya mama vingali na weusi wa utomvu wa majani. Weusi huo haufai kabisa kufutwa kwa kompyuta, kwani ndio uliolinunua shati, na neema, ikiwa kweli humshukia binadamu mwili na roho, huikuta familia hiyo ikiwa na mikono hiyo hiyo.