Anayenunua Mchezo Ananunua Nini?

Mwaka 2013 kampuni ya Hasbro ya Marekani iliwapa mashabiki wa Monopoly kura mtandaoni: ni kete gani itolewe? Pasi ikatoka, paka akaingia. Mwaka 2017 kiatu na wilbaro navyo vikaaga. Kuna waliosikitika kana kwamba wamehamiwa na jirani.

Mimi hapo sioni shida. Ukinunua duka la mtu, mlango ni wako, upake rangi unayotaka. Kinachonisumbua ni hiki: ukinunua wazo la mtu, je, umenunua pia ruhusa ya kusahau alichokuwa anasema?

Monopoly imepita mikono mingi. Parker Brothers waliinunua mwaka 1935 kutoka kwa Charles Darrow. Mwaka 1968 Parker Brothers wenyewe wakanunuliwa na General Mills, watengenezaji wa vyakula vya nafaka. Baadaye zamu ikawa ya Tonka, na mwaka 1991 Hasbro wakainunua Tonka na vyote vilivyokuwa ndani. Lakini badiliko kubwa kuliko yote lilitokea pale mwanzoni.

Darrow hakuubuni mchezo huo. Alifundishwa na marafiki. Elizabeth Magie ndiye aliyepewa haki ya uvumbuzi wa The Landlord's Game mwaka 1904. Alitaka watu waielewe hoja ya Henry George, kwamba thamani ya ardhi huletwa na jamii nzima, kwa hivyo isiishie mfukoni mwa mtu mmoja. Aliuwekea mchezo wake sheria za aina mbili. Kwa za kwanza, mmoja anatajirika hadi wengine wote wanafilisika. Kwa za pili, kodi ya ardhi inaingia kwenye hazina ya wote. Ucheze zote, halafu uamue ungependa kuishi wapi.

Parker Brothers walimlipa dola 500, bila mgao wa mauzo. Sheria zilizoenea duniani ni zile za kufilisiana, na kwa miongo kadhaa sifa zote zikawa za Darrow. Mwaka 2019 Hasbro walitoa Ms. Monopoly, ya kuwaenzi wavumbuzi wanawake. Magie hakuwemo.

Utaniambia, si aliuza kwa hiari? Ndiyo, aliuza. Pesa zile zilinunua haki ya kuchapisha na kuuza. Hazikumpa mtu haki ya kubadilisha nani alifikiria nini. Isitoshe, hasara haikuwa ya Magie peke yake. Sisi tunaolipa kodi ya nyumba kila mwezi tulipewa ubao unaotuambia kuwa mwenye ploti hushinda, basi, ndivyo dunia ilivyo. Yeye alikuwa anauliza kama ni lazima iwe hivyo.

Kampuni ingeweza kurudisha swali hilo kwa karatasi moja tu ndani ya boksi. Lakini hata sisi hatujafungwa mikono. Nyumba nyingi huruka mnada, ingawa kijitabu kinasema kiwanja kisichonunuliwa kipigwe mnada. Wengine hurundika faini katikati ya ubao, na hakuna mtu wa Hasbro anayekuja kubisha mlango.

Basi siku moja jaribuni kupeleka kodi kwenye mfuko wa wote. Mtazame ni nani atakuwa wa kwanza kulalamika. Nadhani atakuwa yule mwenye hoteli.