Balbu Haikuwa na Shida

Wengi wenu mnaijua ile Probox yangu. Usiku mmoja baada ya kesha nilikuwa nawapeleka akina mama nyumbani, upande wa Misikhu, na mvua inanyesha. Trekta ya miwa ilikuwa imesimama barabarani bila taa. Niliiona zikiwa zimebaki hatua chache tu. Tulipopita, kila mtu alinyamaza. Halafu mama mmoja akauliza, "Pastor, kwani umewasha taa?"

Nilikuwa nimewasha.

Kesho yake nikanunua balbu kali zaidi. Giza likawa lile lile. Fundi mmoja hapa Matulo akacheka: "Balbu haina shida, Pastor. Ni huu uso wa taa umekufa." Ule si kioo, ni plastiki ngumu. Kiwandani huipaka utando mwembamba wa kuikinga na jua. Utando ukiisha, jua huichoma, inakuwa manjano kama jicho la mgonjwa. Sasa mimi, msomi wa biashara, nikapiga hesabu: dawa ya meno iko nyumbani, bure. Nikasugua, ikang'aa, nikajisifu hadi kanisani! Baada ya miezi miwili hivi ukungu ukarudi.

Ndipo fundi akanionyesha kazi yenyewe. Unafunika rangi ya gari kwa selotepu, unapiga msasa wa maji namba 1000, kisha 2000, kisha 3000, ukimwagia maji kila wakati. Msasa wa kwanza unaifanya taa iwe mbaya kuliko ilivyokuwa. Hapo wengi huogopa. Halafu polishi, halafu klia ya kukinga jua. Ukiruka klia, afadhali ungelala.

Nikiwa nimechuchumaa pale na msasa, Roho alinishika. Miaka mitatu sikuwa nasemezana na kaka yangu mkubwa, shauri ya shamba la baba. Na kila kesha nalia, "Bwana, niongezee upako!" Naomba balbu. Toba yangu ilikuwa ya madhabahuni, na machozi, nang'aa wiki mbili. Kwake sikuwahi kwenda. Na Mathayo 5, pale Yesu anapotutuma tuache sadaka kwanza tukapatane na ndugu, nimeihubiri mara ngapi?

Jumamosi nilienda. Tulipoanza kuongea mambo ya zamani, ikawa mbaya kuliko mwanzo. Shemeji aliinuka akatoka nje. Nilitaka kuondoka, nikakaa. Baadaye chai ikaletwa. Ya shamba bado hatujamaliza. Alhamisi narudi, na mzee wa ukoo atakuwepo. Mniombee.