Boneti Baridi

Pikapu ya mjomba ilikuwa haiwaki asubuhi. Au niseme ilikuwa inawaka, lakini baada ya vijana wanne wa kijiweni kuisukuma hadi mteremkoni. Njombe mwezi wa saba ina baridi ya kuua vidole ganzi. Ikifika saa nne, jua likishatoka na injini ikishapata moto, pikapu ileile iliitikia ufunguo mara moja, utadhani asubuhi hakuna kilichotokea.

Sababu ni ndogo. Injini ya dizeli haitumii cheche. Hewa hubanwa mpaka inakuwa ya moto sana, kisha mafuta hupulizwa ndani na kuwaka yenyewe. Chuma kikiwa baridi hulinyonya joto hilo. Ndiyo maana Hilux ile, yenye injini ya 3L ya lita 2.8, ina hita plagi nne, moja kwa kila silinda. Ukifungua swichi, ncha zake huiva kwa sekunde chache na kukisaidia chumba kianze kazi. Injini ikishapata moto, msaada wao hauhitajiki. Kwa hiyo plagi zilizokufa ni ubovu wenye saa zake: upo alfajiri, mchana huuoni. Taa ya manjano kwenye dashibodi nayo iliendelea kuwaka na kuzima kama kawaida.

Mjomba aliamua kuiuza ili alipe ada ya chuo ya binamu yangu. Mfanyabiashara mmoja wa viazi akaahidi kuja saa tatu asubuhi. Usiku mjomba akaniambia, "Iwashe mapema, iache ingurume mpaka ipate moto." Hakufafanua, nami sikuuliza. Alfajiri tuliisukuma.

Mnunuzi alipofika aliwasha mwenyewe, ikaitika. Akauliza, "Asubuhi haisumbui?"

"Si umeisikia mwenyewe?" mjomba akajibu.

Hapakuwa na neno la uongo katika jibu hilo. Lakini yule bwana akashuka, akaweka kiganja juu ya boneti, akanigeukia mimi. "Kijana, hii imetoka safari?"

Nikasema, "Hapana. Tuliisukuma alfajiri. Hita plagi zimekufa."

Alinishukuru, akamwambia mjomba kwamba aliyeficha kidogo huenda ameficha na kikubwa, akaondoka.

Mjomba hakunifokea. Jioni aliniambia jambo moja tu: "Ulichosema ni kweli. Lakini gari ni langu na ada ni ya mwanangu. Wewe umetoa nini?"

Swali hili ni la zamani kuliko injini yoyote. Cicero, katika kitabu chake *De Officiis* cha mwaka 44 KK, anawashindanisha wanafalsafa wawili juu ya mtu anayeuza nyumba yenye kasoro anazozijua yeye peke yake. Diogenes wa Babeli anaona kwamba kunyamaza si kuficha, kwani mnunuzi hakulazimishwa na ana macho yake. Antipater anajibu kwamba kumwacha mtu aangukie hasara kwa kutojua ni sawa na kukataa kumwonyesha njia aliyepotea. Cicero anamwunga mkono Antipater, nami pia. Tulichokifanya alfajiri ile kilizidi hata kunyamaza: tuliipasha injini moto ili macho ya mnunuzi yasimsaidie.

Ila katika mfano wao, anayetakiwa kusema ndiye mwenye nyumba, na hasara ni yake. Mimi nilikuwa mkweli kwa pesa ya mtu mwingine. Sijuti kusema. Lakini niliona kwamba nina deni, na kwamba ningekuwa mwungwana zaidi kama ningekataa usiku ule, mbele ya mjomba, kabla ya kusukuma.

Nilinunua plagi nne kwa akiba yangu. Kwa fundi tulifungua kipande cha chuma kinachoziunganisha, tukashika taa ya kupimia, waya mmoja kwenye chanya ya betri, ncha nyingine juu ya kila plagi. Plagi nzima huipitisha umeme na taa huwaka. Iliwaka moja kati ya nne. Fundi akashauri tubadilishe zote, maana hiyo moja ina umri uleule.

Kuzifungua kulitaka subira. Plagi ikikatika, ncha hubaki ndani, na huenda ukalazimika kushusha silinda hedi nzima. Tulimwagia oili mapema, tukangoja injini iwe na uvuguvugu, tukazungusha taratibu. Ya tatu iligoma. Ukisogea kidogo mbele, unarudi kidogo nyuma. Mjomba alikuja kutazama, akachukua tochi akatumulikia, hakusema kitu mpaka ilipotoka.

Kesho yake saa kumi na mbili iliwaka kwa ufunguo.

Mnunuzi wa pili alipatikana wiki mbili baadaye. Alitoa pungufu ya ile bei ya kwanza, na ada ikalipwa kwa awamu mbili. Sijui kama plagi nne zilitosha kulipa deni langu. Ninachojua ni kwamba mnunuzi huyo alifika saa moja asubuhi, saa aliyopangiwa na mjomba mwenyewe, na boneti ilikuwa baridi.